Mjukuu Wangu, Wewe ni Beki

Kaa hapo, mjukuu wangu, na hiyo simu uilaze kifudifudi. Najua umekuja kuniaga, na najua mama yako amekuelekeza kwangu akitumaini nitakukataza. Sitakukataza. Kazi ya kukataza vijana nimeifanya hadi ikanichosha. Wale wa mwanzo sasa ni baba za watu, na walikwenda vilevile. Umesema unataka kandanda iwe kazi yako, na nafasi yako ni beki wa kati. Sawa. Nisikilize basi jinsi mnavyomsikiliza kocha wakati wa mapumziko, masikio nusu, lakini hiyo nusu ikae.

Kazi uliyoichagua hulipwa kwa mambo ambayo hayakutokea. Krosi iliyokatwa kabla ya kufika. Straika aliyegeuka, akakuta njia imezibwa, akarudisha mpira kwa mwenzake wa nyuma. Hakuna anayeyapiga picha hayo. Mlinzi wa usiku sokoni Keroka akilinda duka miaka nenda miaka rudi bila kuvunjwa, mwenye duka huanza kujiuliza mtu huyu anamlipia nini. Usingizi ukimshika siku moja tu, jina lake linajulikana soko zima kabla chai ya asubuhi haijachemka. Ndivyo utakavyoishi. Mshambulizi akikosa mara tisa na kufunga mara ya kumi, hubebwa mabegani. Wewe ukiokoa mara tisa na kuteleza mara ya kumi, utatafuta mlango wa nyuma wa kutokea uwanjani.

Ukiona natia chumvi, shuka Kisii mjini siku Shabana wanapocheza, uwatafute wazee wa rika langu nje ya Uwanja wa Gusii. Timu hiyo ilianza mwaka 1980, ikapewa jina la duka la vifaa vya ujenzi la hapo mjini, na wazee hao wameifuata katika mema na mabaya, hata ile miaka 17 iliyokaa nje ya ligi kuu hadi iliporudi mwaka 2023. Waulize nani alikuwa moto wa Shabana hao, Tore Bobe wenyewe, siku za zamani. Henry Motego, watakuambia kabla swali halijaisha, na watakuonyesha kwa kidole alikopitia. Sasa uliza mabeki waliocheza nyuma ya Motego siku hizohizo walikuwa akina nani. Hapo utaona wazee wazima wakitazamana. Mmoja atataja jina, mwingine atambishia, na punde mazungumzo yatakuwa yamerudi kwa Motego. Hawana ubaya. Macho ya mtazamaji hufuata mpira, na mpira ukishafika kwa beki mzuri hauna tena habari ya kusimulia.

Wala si Kisii peke yake. Desemba 1987 Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi la Afrika, wakitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Kasarani, wakashinda kwa magoli ya ugenini. Nahodha aliyelipokea kombe ni Austin Oduor, beki. Litaje kombe hilo leo ndani ya matatu ya Nyamira, uone jina litakalojibiwa. Ni Peter Dawo, mfungaji.

Na Agosti 2025 wewe mwenyewe ulikuwa hapa tukitazama mashindano ya CHAN. Harambee Stars ya Benni McCarthy ilikuwa kundi moja na Morocco, Angola, Kongo ya Kinshasa na Zambia, na kila mtu kijijini akasema tumekwisha. Mechi nne, goli moja tu likaingia lango letu, lile la Angola. Dhidi ya Morocco, Chrispine Erambo alionyeshwa kadi nyekundu, wenzake wakacheza kipindi chote cha pili wakiwa kumi. Hao Morocco ndio waliokuja kulibeba kombe palepale Kasarani, lakini siku ile hawakupata hata bao la kufutia machozi. Nilikuwa nikiwatazama mabeki: wanaziba, wanaruka, wanafokeana, wanajipanga upya kabla kona haijapigwa. Nilichoka mimi niliyekuwa kitini. Kesho yake ulikuwa ukiliimba jina la nani? Ryan Ogam. Alifunga, alistahili sifa, simnyimi. Lakini bao moja hushinda mechi pale tu ambapo upande wa pili hawakupata la kwao, na kulizuia hilo la pili ilikuwa kazi ya watu ambao hukuwaimba.

Ikaja robo fainali na Madagascar. Aliyeitanguliza Kenya mapema kipindi cha pili ni Alphonce Omija, naye ni beki. Wageni wakasawazisha kwa penalti, mchezo ukaenda mpaka matuta, tukatolewa 4-3. Siku zilizofuata watu wote walizungumzia mikwaju iliyokosewa. Goli la beki likafa bila matanga.

Sikuambii haya nikukatishe tamaa. Nakuambia kwa sababu mtu ambaye wengine hawamhesabii kazi yake lazima ajihesabie mwenyewe, na vijana wengi wa nafasi yako hawafanyi hivyo. Wanangoja kuonwa. Nunua daftari. Daftari la kawaida lenye jalada gumu, la kuandikwa kwa kalamu, kwa maana simu huibiwa. Andika tarehe, mechi, dakika ulizocheza, straika aliyekutesa na jinsi alivyokutesa. Andika pesa uliyoahidiwa na pesa uliyopewa. Andika sehemu ya mwili iliyouma na aliyeitibu. Unacheka. Cheka tu, nitarudi kwenye daftari hilo.

Kuhusu uchezaji wenyewe una kocha, nisimharibie kazi. Ila acha kujirusha. Huku kwetu mvua ya alasiri hunyesha miezi mingi ya mwaka, na watoto wa Nyamira wanajifunzia mpira viwanja vya shule vilivyokaa mteremkoni, tope likiwafika kwenye soksi. Kuteleza ukaondoka na mpira na mguu wa mtu pamoja ni jambo linaloshangiliwa sana vijijini, hasa kwenye zile mechi za Desemba za kuwania fahali, ambapo refa ni binamu wa mtu. Uendako refa si binamu wa yeyote. Beki aliyelala chini ameshajitoa mchezoni, na kama mpira umempita, timu imebaki pungufu kana kwamba amepewa kadi nyekundu. Simama. Mtazame mpira, usitazame miguu ya mtu, miguu hudanganya. Mpeleke pembeni, mchelewishe, wenzako warudi. Na uzungumze! Beki bubu ni nusu beki. Wewe na kipa ndio mnaouona uwanja wote ukiwa mbele yenu, hao wengine wameugeuzia mgongo nusu ya mchezo. Wewe nyumbani huwezi hata kuagiza chai kwa sauti, sijui kule utafanyaje, lakini jifunze.

Halafu umri. Juzi nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba ukifika miaka 21 hujatoka nje ya nchi basi umeshachelewa. Nani amewafundisha hesabu hiyo? Hiyo ni ya mawinga. Kijana wa miaka 18 mwenye mbio anaweza kutosha mbele kwa mbio zake tu, lakini beki huiva polepole, kwani anachokitumia zaidi ni kumbukumbu: alishaliona shambulizi hili, anajua linaishia wapi. Joash Onyango alikuwa na miaka 27 alipotoka Gor Mahia kwenda Simba ya Dar es Salaam mwaka 2020, na msimu huohuo Simba wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Aboud Omar wa Mombasa, aliyezunguka Ugiriki, Bulgaria na Ubelgiji, ndiye aliyekuwa nahodha kwenye CHAN hiyo uliyoitazama, naye alikuwa na miaka 32. Musa Otieno alikaa na Santos ya Cape Town zaidi ya miaka kumi, akachukua nao ubingwa wa Afrika Kusini msimu wa 2001-02, akaiongoza Kenya kwenye AFCON ya Tunisia mwaka 2004. Miaka kumi mahali pamoja! Siku hizi mkikaa misimu miwili mnajiona mmefungwa jela.

Mtazame pia Joseph Okumu, kwa maana najua picha yake umeibandika ukutani. Hakuondoka Kenya akaangukia Ufaransa. Alitoka Chemelil, klabu ya kiwanda cha sukari, akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Real Monarchs kule Marekani, ambayo ni timu ya pili ya klabu nyingine. Akacheza vizuri AFCON ya Misri mwaka 2019, Elfsborg ya Uswidi wakamchukua. Mwaka 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji, mwaka 2023 Reims ya Ufaransa. Hesabu vituo. Hakuna basi la moja kwa moja kutoka Nyansiongo hadi ligi ya Ufaransa, na mtu akikuuzia tiketi yake, huyo amekuja kuila pesa ya chai ya mama yako.

Sasa nije kwenye mwili, ambao ndio shamba lako pekee, maana hili la babu yako mkiligawana hamtapata hata pa kupanda migomba kumi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa. Kwa beki hiyo si methali, ni taarifa ya daktari. Juni 2019 Kenya ilikuwa inarudi AFCON baada ya miaka 15. Brian Mandela, beki wa kutegemewa, alikuwa kambini Ufaransa na timu, siku chache tu kabla ya kusafiri kwenda Misri. Akaumia goti mazoezini. Mazoezini, si kwenye mechi, wala hapakuwa na televisheni. Mashindano aliyoyangoja tangu utotoni akayatazama kama mimi na wewe. Lakini mwenzako alikuwa mchezaji wa kulipwa Afrika Kusini, kwenye ligi ambayo klabu humtibu mtu wake, na goti lilipopona, Mamelodi Sundowns wakamsajili mwaka 2020. Kijana mmoja wa hapa jirani, ambaye sitamtaja kwa kuwa unamjua, alikatika kano ya goti vilevile akichezea klabu ambayo nayo sitaitaja. Upasuaji wa kano ile na kurudi uwanjani huchukua kama miezi tisa mambo yakienda sawa. Yeye alipewa barafu, nauli, na ahadi. Leo anaendesha bodaboda, na akiteremka kwenye pikipiki unaona anavyouanza mguu wa kushoto.

Kwa hiyo kabla hujauliza mshahara, uliza nani analipa nikiumia. Uliza kama klabu inakukatia bima ya afya ya SHA na akiba ya uzeeni ya NSSF, uzione risiti. Uliza kama kuna bima ya majeruhi na inafika wapi. Watakuona mkorofi. Afadhali wakuone mkorofi ukiwa na magoti mawili.

Tena kuna kichwa. Hili halisemwi sana kwetu. Chuo Kikuu cha Glasgow kilifuatilia rekodi za wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland, zaidi ya 7,600. Daktari Willie Stewart na wenzake walieleza mwaka 2019 kwamba uwezekano wa wachezaji hao kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo ulikuwa mara tatu na nusu ya ule wa watu wengine. Mwaka 2021 wakatoa jingine: hatari inatofautiana kwa nafasi ya mchezaji. Makipa hawakutofautiana na watu wa kawaida. Mabeki ndio waliokuwa juu ya wote, karibu mara tano. Ni wazee wa enzi za mpira mzito ulionyonya maji, hilo nalikubali, na mipira yenu imekuwa myepesi. Lakini beki wa kati bado ndiye anayeagizwa aupige kila mpira mrefu kwa kichwa, jioni baada ya jioni. Mechi ni mechi, piga. Mazoezini, kocha akitaka mipira hamsini ya kichwa kila siku, mwambie kwa heshima kwamba utapiga michache. Na siku utakayogongana kichwa na mtu ukaona nyota, toka. Usisubiri kubebwa. Hakuna shabiki wa Gusii atakayekuja kukukumbusha jina la mkeo ukifika umri wangu.

Sogeza stuli hiyo, jua limenifika.

Karatasi. Hapa ndipo vijana wetu wengi huumia bila kuguswa na mtu. Ligi ya nchi hii imepitia mengi: SuperSport walijiondoa mwaka 2017, SportPesa wakasitisha udhamini mwaka 2019, FIFA ikaifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Kila mara mkubwa alipokunja virago, aliyefungiwa nyumba na mwenye nyumba ni mchezaji. Utaambiwa klabu ni familia. Familia ni mimi, na mimi sikulipi. Klabu ni mwajiri. Usicheze hata mechi moja ya ligi bila mkataba ulioandikwa, wenye sahihi za pande mbili, na nakala yako ya kukaa nayo. Ukiwa chini ya miaka 18 kanuni za FIFA haziruhusu ufungwe zaidi ya miaka mitatu. Ukivuka hapo mwisho ni mitano. Tangu mwaka 2018 kanuni hizo zinasema mchezaji asipolipwa mishahara miwili ya mwezi bila haki, akiidai kwa maandishi na kuwapa siku 15 walipe, wasipolipa anaweza kuuvunja mkataba na sababu iko upande wake. Kwa maandishi, umesikia? Si kwa kununa. Na hapo ndipo daftari langu lililokuchekesha linapoingia: tarehe gani ulilipwa, kiasi gani, kwa njia gani, nani alikuwepo. Kuna chama chenu cha wachezaji, KEFWA. Jiandikishe humo kabla ya shida. Kwenda chamani siku ya msiba ni sawa, ila waliojiandikisha watakuwa mbele ya foleni.

Na barua. Ukimaliza mkataba, dai barua ya kuachiliwa siku hiyohiyo, mkiwa bado mnacheka pamoja. Wapo vijana waliokaa msimu mzima bila kucheza kwa sababu ya karatasi moja iliyolala kwenye droo ya mtu aliyekasirika.

Wakala naye: tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha mitihani na leseni kwa mawakala. Mwombe leseni yake. Wakala wa kweli hachukui pesa kutoka kwa mchezaji ili ampeleke majaribio. Hupata chake kutoka kwenye kazi aliyokutafutia. Huyo anayemwambia mjomba wako auze ng'ombe ili upelekwe Uarabuni, mwambie ng'ombe ana mimba.

Timu ya kijijini iliyokulea usiisahau kwenye karatasi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya pesa hugawiwa klabu zilizomfundisha tangu miaka 12 hadi 23. Lakini hugawiwa klabu zilizosajiliwa, zenye rekodi. Mwambie yule mwalimu anayewanunulia mipira kwa mshahara wake aisajili timu. Hilo ungelifanya hata leo jioni ukipita kwake.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kuliruka, lakini litakufika. Watu wa kamari watakuja kwako kabla ya kwenda kwa mshambulizi. Mshambulizi akikosa goli wazi, uwanja mzima unashuku. Beki akichelewa hatua moja, akaruhusu mtu ageuke, nani atathibitisha? Mtego wa kuotea uliokosewa kidogo, penalti ya kijinga, ndizo bidhaa wanazonunua. George Owino aliwahi kuichezea timu ya taifa nafasi kama yako. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia miaka kumi na kumtoza faranga 15,000 za Uswisi kwa kushirikiana na Wilson Raj Perumal, mpanga matokeo wa Singapore. Mwaka uliofuata wachezaji watatu waliokuwa Kakamega Homeboyz walifungiwa miaka minne kila mmoja. Miaka minne ya mchezaji ni nusu ya uhai wake uwanjani. Haianzi na mzigo mkubwa wa pesa. Huanza na mtu mpole anayekununulia chakula mwezi ambao mshahara haujaingia, akakuuliza tu nani hatacheza kesho. Mtu akikuuliza hivyo, hesabu aliyokununulia, mrudishie, umripoti. Ndiyo maana nimesema uanze na karatasi: kijana anayelipwa kwa wakati ni mgumu kununuliwa.

Sisi Abagusii, hadithi ya mchezo na uzee tunaijua kuliko wengi. Nyantika Maiyoro alikimbia Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 wakati Kenya yenyewe ilikuwa koloni. Oktoba 1968 Naftali Temu, wa Nyamira yetu hii, alishinda mita 10,000 kule Mexico, ikawa dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. Kabla yake hakuna. Kila dhahabu unayoishangilia ilikuja nyuma ya ile. Mwaka 1972 Robert Ouko na Charles Asati wakawa kwenye kikosi cha kupokezana vijiti kilicholeta nyingine kutoka Munich. Temu alifariki mwaka 2003, na maisha yake ya mwisho hayakufanana na medali ile. Kama mtu aliyeifungulia nchi mlango alizeeka kwa dhiki, beki wa kati wa timu ya katikati ya jedwali anategemea nini? Usitegemee sherehe. Mwaka 2020 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa pale Uwanja wa Gusii, rais akaja, uwanja ukatengenezwa ukapendeza. Nilifurahi kama wengine. Lakini sikuona mzee wa zamani akilipiwa karo ya mjukuu siku hiyo.

Kwa hiyo cheti chako cha kidato cha nne kiache hapa kwangu, kisizunguke kwenye mabegi ya mazoezi. Ukipata klabu ya mji wenye chuo, soma jioni. Mchezaji hafanyi mazoezi saa kumi na mbili kwa siku, hizo nyingine mnazilala na simu. Anza leseni za ukocha mapema, ile ya CAF ya daraja D kwanza, ukiwa bado unacheza na watu bado wanakupokea simu. Mabeki wanafaa ukocha, maana miaka yote wameutazama mchezo kutoka nyuma. Musa Otieno huyohuyo alipotundika viatu alirudi Harambee Stars akiwa msaidizi wa kocha. Ungeanza hata kwa kuwafundisha watoto wa hapa kila Jumamosi ukiwa likizo. Wanakimbia kama ndama na hakuna anayewaambia wasimame wapi.

Pesa ya kwanza, usijenge. Nakuona unavyoshangaa. Kila kijana wa huku akishika pesa ya kusaini anaita fundi, anaweka msingi wa vyumba vinne, nyasi zinaota ndani ya sebule. Lipa deni la karo ya dada yako, halafu weka akiba ya miezi sita ya kodi na chakula huko uendako, kwa sababu miezi sita bila mshahara si hadithi, nimewaona walioiishi. Ukibakiwa na kitu, majani ya chai ya mama yako yanahitaji mbolea. Nyumba itangoja.

Na ukikosea, kwa kuwa utakosea mbele ya watu elfu kumi, usizime simu wala usijifiche. Nenda mazoezini kesho yake mapema kuliko wote. Mchezaji mwenzako asikulaumu peke yako, nawe usimtupie kipa. Usisome wanayoandika mitandaoni usiku ule. Walioandika watasahau kabla ya Jumatano. Watakuwa wamepata beki mwingine.

Nimemaliza, nimechoka, na mama yako anatuangalia kutoka jikoni akidhani nimekushinda. Mwambie umepata ruhusa. Ila ule mkataba unaosema watakupa Ijumaa, usiutie sahihi hukohuko ofisini wakiwa wamekusimamia na kamera. Sema unataka siku mbili. Panda matatu uje nao hapa, tuusome mstari kwa mstari, mimi na wewe na yule mwalimu, na kama hawawezi kukupa siku mbili, uwaachie kalamu yao.